Kobole, Ashu, Mbao: Historia ya Dirisha la Malipo

Kila mara serikali ikipunguza pesa za hospitali, kuna neno jipya linaletwa ili watu wasisikie kwamba kuna kitu kimepunguzwa. Mwisho wa miaka ya themanini neno lilikuwa "kuchangia gharama". Siku hizi ni "kujisajili". Maneno yanabadilika lakini dirisha ni lile lile: mgonjwa amesimama huku, karani ameketi kule, na katikati kuna kioo chenye kitobo cha kupitishia noti.

Leo nataka niwape historia ya hilo dirisha. Najua nikitaja bajeti nusu yenu mshaanza kutafuta vidio nyingine. Ngojeni kidogo basi. Hii ni hadithi ya pesa tatu ambazo sote twazijua: kobole, ashu na mbao. Shilingi tano, kumi, ishirini. Pesa ambayo ukiidondosha kwenye matatu ya Likoni hata huinami kuiokota. Lakini ukiifuata tangu uhuru mpaka leo, utaona vile nchi inaweza kumnyima maskini matibabu bila hata siku moja kutangaza kwamba imemnyima.

Tuanze na kobole.

Wakati wa mkoloni hospitali zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Hapa Mombasa ya Waafrika iliitwa kabisa Native Civil Hospital, na wazee wetu mpaka leo hospitali kuu ya Pwani huiita Makadara, wala hawana habari na hilo jina refu lililoandikwa getini. Ada ya kutibiwa ilikuwa shilingi tano. Uhuru ukaja 1963, na mwajua ile orodha ya maadui watatu ambayo kila mwanasiasa aliitaja: ujinga, umaskini, maradhi. Mwaka 1965 serikali ikaifuta ile kobole. Ukiumwa, unakwenda, unatibiwa. Mwaka uliofuata, 1966, ikaundwa NHIF kwa ajili ya walioajiriwa, wakatwe kwenye mshahara ili wakilazwa walipiwe.

Hapa kuna kitu watu hukosea. "Bure" haikuwa na maana kwamba hakuna anayelipa. Madaktari walilipwa, dawa zilinunuliwa, umeme wa Makadara haukutoka mbinguni. Maana yake ni kwamba ulilipa ukiwa mzima, kupitia ushuru wa sukari na sabuni na mafuta ya taa, ndiyo siku ukiwa mgonjwa usiulizwe kitu. Tofauti ni *lini* unalipa. Na kwa mtu maskini hiyo *lini* ndiyo kila kitu, manake siku anayoumwa ndiyo siku ambayo hakwenda kazini.

Sisi watu wa Likoni tungefaa kuielewa hii kuliko mtu yeyote Kenya nzima. Feri yetu, anayevuka kwa miguu halipi. Magari yanalipa, tuktuk zinalipa, lakini wewe na kikapu chako cha mboga unateremka pale, unapanda, unavuka. Sijawahi kusikia mtu akisema ati watu wa Likoni hawaithamini feri kwa sababu hawailipii. Hakuna aliyesema tuwekewe mbao ili tujifunze kuwajibika. Kila mtu anajua kwamba ukiweka dirisha pale mteremkoni, shilingi ishirini kwa kichwa, pesa zitaingia ndio, lakini kutakuwa na watu ambao hawatavuka. Mama wa mahamri atahesabu: kwenda mbao, kurudi mbao, na watoto wawili. Kuna siku atabaki huku.

Haya, na feri hiyo hiyo twajua pia upande wake wa pili. Ni bure, lakini chombo kikiharibika na pesa za kukitengeneza hazikuja, unasimama juani masaa. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Miaka ya sabini na themanini mambo yakawa magumu. Mafuta yalipanda bei duniani, kahawa ikaanguka, madeni yakaongezeka, na watu walikuwa wanaongezeka haraka kuliko vitanda. Nairobi ikakopa kutoka IMF na Benki ya Dunia, na mikopo ile ilikuja na masharti. Mwaka 1986 serikali ya Moi ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 1, ukisema kwa lugha ya adabu sana kwamba zama za serikali kubeba kila kitu zimeisha. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikatoa waraka wake kuhusu kugharamia afya kwenye nchi maskini. Hoja zake zilikuwa nzuri ukizisoma ukiwa umeketi kwenye kiti kizuri: watu wako tayari kulipa kidogo; hiyo kidogo itanunua dawa na kuboresha huduma; na wale maskini kabisa watasamehewa.

Basi tarehe 1 Desemba 1989, ada ikarudi. Ashu kwenye vituo vya afya, mbao kwenye hospitali kama Makadara. Zahanati ziliachwa bure. Na kabla hujacheka hiyo mbao, dola moja wakati ule ilikuwa kama shilingi ishirini na kitu. Kwa hivyo mbao ilikuwa karibu dola nzima, kabla hujapimwa, kabla hujapewa hata kidonge.

Kilichofuata twakijua kwa namba, kwa sababu kuna watafiti waliokuwa wakihesabu wagonjwa kwenye kliniki moja kubwa ya serikali Nairobi, ya magonjwa ya zinaa. Walikuwa na hesabu za kabla ya ada, wakaendelea kuhesabu. Wanaume wakashuka hadi asilimia 40 ya idadi ya mwanzo. Wanawake wakashuka hadi asilimia 65. Sasa tafakari mwaka wenyewe: 1989 kuingia 1990, ukimwi umeshaingia nchini na unaenea, na mtu mwenye kaswende au kisonono ambacho hakijatibiwa huambukizwa na kuambukiza virusi kwa urahisi zaidi. Hawa ndio watu ambao nchi yoyote yenye akili ingewalipia nauli waje. Sisi tukawawekea dirisha.

Ada ile haikumaliza hata mwaka. Septemba 1990 Moi akaisimamisha. Kelele zilikuwa nyingi: wananchi walilipa na dawa bado hazikuwepo, mpango ulikimbizwa bila maandalizi, hospitali hazikujua hata namna ya kutunza hizo pesa. Mimi pia naona siasa hapo, manake ilikuwa miezi miwili tu baada ya Saba Saba ya 7 Julai 1990, na serikali haikuwa na hamu ya sababu nyingine ya watu kukasirika.

Lakini sehemu ya hii hadithi ambayo sijaweza kuisahau ni hii. Watafiti wale waliendelea kuhesabu baada ya ada kuondolewa. Wanawake walirudi, tena wakazidi idadi ya mwanzo. Wanaume walirudi hadi asilimia 64 tu. Dirisha lilikuwa limeng'olewa lakini watu hawakurudi wote. Ukimfundisha mtu kwamba hospitali si pahali pake, huwezi kumfundua kwa tangazo la redio.

Halafu ikarudi tena. Safari hii polepole, kuanzia 1992 na kuendelea, hospitali ya taifa kwanza, kisha za mikoa, kisha za wilaya, kisha vituo vya afya. Hawakuiita ada ya kujiandikisha tena, waliita malipo ya matibabu. Unalipia kila kitu kivyake: maabara, eksrei, kitanda. Pesa zikaitwa za kuboresha kituo, robo tatu zikabaki pale pale hospitalini na robo ikaenda kwenye kinga ya wilaya. Kwa karatasi mpango huu ulikuwa bora kuliko wa 1989, nakubali. Hospitali ilipata pesa kidogo za kununua glavu bila kungoja Nairobi. Lakini angalia kilichotokea: serikali kuu ikapata kisingizio. Hospitali inakusanya, sasa mbona iletewe? Zile pesa za dirishani zilikuwa ndogo mno kuendesha hospitali, ila zilitosha kabisa kumfukuza mgonjwa.

Na wale maskini kabisa waliosamehewa? Ilikuwepo na ipo mpaka leo, karatasi ya kusamehewa. Utaratibu ni kwamba uende kwa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, uulizwe maswali, aridhike kwamba kweli huna. Yaani uthibitishe umaskini wako, mbele ya watu, ukiwa na homa. Na usipoambiwa kwamba hiyo ofisi ipo huwezi kuitafuta.

Nina jirani huku Timbwani, fundi wa pikipiki, mtu wa heshima zake. Ana sukari. Alipata kidonda mguuni akakaa nacho wiki tatu, anaosha na maji ya chumvi, anafunga kitambaa, anaendelea na kazi. Mamangu alipomuuliza kwa nini haendi hospitali, alisema, "Mama, nikenda mkono mtupu wataniangalia vipi?" Alikuwa na haki ya kusamehewa. Hakujua. Alipopelekwa hatimaye, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, alikatwa vidole viwili vya mguu. Na bado kulikuwa na bili. Huyu hayumo kwenye hesabu yoyote ya watu walionyimwa matibabu, kwa sababu hakuna aliyemnyima. Hakwenda, basi.

Hapo ndipo napotaka mushike. Serikali ikitaka kuokoa pesa za afya, njia yenye kelele ni kufunga hospitali. Watu wataandamana, watachoma matairi. Njia ya kimya ni kuweka bei ndogo mlangoni na kuacha watu wajichuje wenyewe. Wodi inabaki wazi, rangi inapakwa, na foleni inapungua.

Sasa mtu ataniambia, wewe unakuza mambo, mbao ni nini? Basi sikiliza hii. Miaka ya elfu mbili kulifanywa jaribio kwenye kliniki za waja wazito huko magharibi mwa Kenya. Kliniki zingine waligawa neti za mbu bure, zingine wakaziuza kwa bei ya kutupwa, mpaka shilingi 40. Finje haifiki! Lakini kutoka bure hadi shilingi 40, idadi ya waliochukua neti ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Na hawa ni mama waliokuwa wajawazito, ambao walishafika kliniki, neti iko mbele yao. Ile hoja ya kwamba kitu cha bure hakithaminiwi nayo ilipimwa: waliopewa bure walizitumia sawa na walionunua.

Miaka ya tisini watoto wetu walikufa zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa 1993 ulihesabu vifo 96 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila 1,000 wanaozaliwa. Mwaka 1998 vikawa 112, na 2003 vikawa 115. Siwezi kusema ni ada peke yake, hiyo itakuwa uongo. Ukimwi ulikuwa unaua wazazi na watoto, uchumi ulikuwa umelala. Lakini katika miaka ile ambayo nchi ilihitaji milango ya hospitali iwe wazi kabisa, sisi tuliifunga nusu.

Kuna kitu kingine cha zama zile ambacho kila mmoja wenu amekishika mkononi na hajawahi kukifikiria: daftari. Ukienda kituo cha serikali unaambiwa njoo na daftari, lile lile la shule, uandikiwe ugonjwa wako mle ndani. Bibi yangu anasema zamani Makadara ulikuwa unapewa kadi yako, wao wanaiandika, wao wanakupa. Kazi ya kununua karatasi ya kuandikia ugonjwa wako ikahamia kwako. Kisha pamba. Kisha glavu. Kisha sindano uinunue duka la dawa la nje ya geti. Hakuna waraka wa bunge uliotangaza hilo. Kupunguza bajeti ni hivyo, kitu kimoja kimoja.

Julai 2004, serikali ya Kibaki ikaja na kile kilichoitwa kumi-ishirini. Ashu kwenye zahanati, mbao kwenye vituo vya afya, na hakuna zaidi ya hapo. Watoto chini ya miaka mitano wasamehewe, malaria na kifua kikuu pia. Ilikuwa nafuu kubwa kwa vituo vya afya, lakini mwaona kejeli yake? Zahanati, ambazo hata 1989 ziliachwa bure, sasa zikaingizwa rasmi kwenye bei. Desemba mwaka huo huo bunge likapitisha mswada wa bima ya afya ya kila Mkenya. Kibaki akakataa kuutia sahihi, gharama ni kubwa mno. Yaani ile bima mnayosikia leo kama wazo jipya lilikuwa mezani 2004, wengi wenu hamjazaliwa.

Mei 2013, kule Geneva, rais wa Benki ya Dunia Jim Yong Kim alisimama mbele ya mawaziri wa afya wa ulimwengu akasema kutoza maskini ada hospitalini si haki na tena hakuna haja nako. Benki ile ile! Ya waraka wa 1987! Miaka 26 baadaye wamebadilisha mawazo. Wallahi nilipoisoma nilicheka halafu nikanyamaza. Jirani yangu vidole vyake havirudi kwa sababu mtu amebadilisha mawazo Washington.

Siku chache baada ya hapo, tarehe 1 Juni 2013, Uhuru Kenyatta akafuta ashu na mbao kwenye zahanati na vituo vya afya vyote, na akatangaza kujifungua bure kwenye hospitali za serikali. Na watu walikuja. Uchunguzi wa 2008-09 ulikuta asilimia 43 ya watoto Kenya wanazaliwa kwenye kituo cha afya. Mwaka 2014 ikawa 61. Mwaka 2022 ikawa 82. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikashuka hadi 41 kwa kila 1,000. Tena, si kwa sababu moja, kulikuwa na chanjo, neti, barabara, dawa za virusi. Lakini mama ambaye angezalia chumbani Shika Adabu kwa sababu ya bili alizalia Mrima au hospitali ya Likoni.

Sasa lirudishe lile la feri. Bure ikatangazwa, je, pesa zilifuata? Mpango ulikuwa serikali kuu irudishe kwa kituo shilingi 2,500 kwa kila mama aliyejifungua, na 5,000 ikiwa ni hospitali ya kaunti. Pesa zilichelewa, tena na tena. Kituo kilichokuwa kinajinunulia glavu kwa pesa za dirishani sasa hakina dirisha wala hundi kutoka Nairobi. Wakunga ni wale wale, akina mama ni wengi zaidi. Kwa hivyo mama anazaa bure, lakini aje na pamba, aje na glavu, aje na karatasi ya kutandika. Kutangaza bure bila kuweka pesa ni kupunguza bajeti vilevile, ila huku kunapigiwa makofi.

Na mwaka huo huo afya ilihamishiwa kaunti. Kaunti zikarithi majengo, wafanyakazi na madeni. Makubaliano ya mishahara ambayo serikali ilitia sahihi na madaktari 2013 hayakutekelezwa, mpaka wakagoma kuanzia 5 Desemba 2016 hadi 14 Machi 2017, siku mia moja. Wauguzi nao wakagoma kuanzia Juni 2017, karibu miezi mitano. Mwenye pesa alivuka akaenda hospitali ya kibinafsi. Asiye nazo alingoja.

Bili nazo hazikuisha. Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani kwa sababu hawakuweza kulipa, mmoja akilala sakafuni na mtoto mchanga. Mahakama ikasema ni kinyume cha katiba. Kifungu cha 43 kimeandika haki ya kila mtu kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu kizuri. Ila katiba haina mstari wa kiasi cha pesa, mstari huo huandikwa upya kila Juni. Mwaka 2001 marais wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti zao iende kwa afya. Kenya haijawahi kuifikia.

Tuje kwa leo. Oktoba 2023 Ruto alitia sahihi sheria nne za afya kwa mpigo. Moja inaruhusu hospitali kubaki na pesa inazokusanya, na jina la mfuko huo ni lile lile la kuboresha kituo, kama vile miaka ya tisini haijapita. Nyingine ndiyo SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa anaulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yake, kompyuta inakisia kipato chake, kisha anatakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Piga hesabu: 3,600 kwa mkupuo, ukiwa mtu wa kiwango cha chini kabisa. Mvuvi wa Mtongwe hana mwaka mfukoni. Ana leo, na pengine kesho kama bahari imetulia. Mwisho serikali yenyewe ikaona, ikaleta mkopo wa kulipa polepole. Fikirieni, mtu akope ili aruhusiwe kuumwa.

Zahanati na vituo vya afya chini ya SHA ni bure kwa aliyejisajili, hilo ni jema na nalisema. Lakini ile bure inatoka kwenye mfuko ambao unategemea bunge litatenga nini kila mwaka, na mmeshaona historia ya bure zinazotegemea hivyo.

Halafu kuna hili ambalo linatuhusu sisi wenyewe, kizazi chetu. Juni 2024 tulikataa Mswada wa Fedha. Watu walikufa. Mswada ukaondolewa. Kilichofuata ni kuambiwa, haya, mlikataa ushuru, sasa tutapunguza. Mgao wa kaunti zote wa mwaka ule, uliokuwa umepangwa bilioni 400.1, ukavutwa huku na kule ukaishia bilioni 387.4. Afya ndiyo kazi kubwa ya kaunti, kwa hivyo mwajua panapoumia. Januari 2025 Marekani nayo ikasimamisha misaada yake ya nje, na kliniki za virusi nchi nzima zikagundua ni wafanyakazi wangapi walikuwa wakilipwa kutoka Washington na si kutoka Nairobi.

Kuna watu waliogeuza hiyo kuwa kosa letu. Mimi sikubali. Tulikataa kutozwa zaidi kwenye mkate, hatukusema kateni dawa. Mtu aliyeketi na kalamu ndiye aliyechagua apunguze wapi, na angeweza kupunguza safari, magari, ofisi za ziada. Akachagua pale ambapo kelele ni chache. Mgonjwa haandamani. Mtu aliyekaa nyumbani na kidonda hana bango.

Na kwa sababu hizi namba huandikwa na watu, zina tarehe. Makadirio ya kaunti yanafaa kufika kwenye bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi waulizwe maoni. Vikao vinafanywa, tena huku huku Likoni. Nimewahi kwenda kimoja. Viti vya plastiki, soda, wazee wengi, vijana wa kuhesabika kwa vidole. Makabrasha yalikuwa machache hivi kwamba tuliangalia moja watu wanne. Tafuta ukurasa wa afya. Usiangalie jumla, jumla hudanganya, angalia mistari miwili: dawa na vifaa, na pesa ambazo hospitali zenyewe zinatarajiwa kukusanya. Huo wa pili ukikua na wa kwanza ukisimama pale pale, basi dirisha limeongezwa upana, hata kama hakuna aliyelitaja.

Sasa nina ombi. Kama nyumbani kwenu kuna kadi ya zamani ya Makadara, ya kabla ya madaftari, au risiti ya mbao ya 1989 iliyosahaulika kwenye sanduku la bibi, niletee picha yake. Funika majina. Nimekuwa nikiitafuta hiyo risiti kwa muda na bado sijaiona kwa macho yangu.